Zara Anakuja Jumatatu

Ofisini kwetu mtu wa kompyuta ni mimi. Sikuzisomea. Niliajiriwa kuandika barua za madai ya bima, na cheo hiki cha pili nilikipata siku printa ilipogoma, nikachomoa waya wake, nikauchomeka tena, ikaamka. Tangu hapo chochote chenye swichi kikileta kiburi, jina linaloitwa ni langu, pamoja na feni ya dari na birika la umeme la mapokezi.

Kwa hiyo ilipoanza kujitokeza ile taarifa kwenye vioo kwamba msaada wa Windows 10 ungekoma tarehe 14 Oktoba 2025, hakuna aliyeisoma mpaka mwisho. Waliniita. "Njoo uone, mashine inaaga."

Ofisi ni ya uwakala wa bima, Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu zenye namba badala ya majina. Kompyuta zetu ni za mtumba. Ziliajiriwa kwanza Ujerumani, zikastaafishwa, zikapakiwa kontena, zikaja kuanza kazi upya kwenye joto na chumvi ya bahari. Hata kibodi zilikuja nazo zile zile za Kijerumani, ambazo Z imekaa pale tulipozoea Y, na Y imejificha chini kushoto mahali pa Z. Hatukujali. Ndani ya Windows tulikwisha kuiambia kompyuta kwamba kibodi ni ya Kimarekani, vidole vikazoea, na aliyeangalia kilichochorwa juu ya vitufe alikuwa mgeni tu. Liweke kando hili la vitufe, tutalirudia kwa machungu.

Windows 11 nayo ilikuja na masharti. Inataka kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kama prosesa ni ya Intel basi kwa kawaida iwe ya kizazi cha nane kwenda mbele. Zetu ni za kizazi cha nne. Bosi aliposikia aliuliza maswali ya mtu wa bima. "Kwani zimeharibika?" Hapana. "Zinafanya kazi?" Zinafanya. "Sasa wanazizika zikiwa hai?"

Fundi mmoja tunayemtumia alikuja na dawa yake. Angeiweka Windows 11 hivyo hivyo kwa njia ya panya, shilingi elfu ishirini kila mashine, chai juu yetu. Bosi akamuuliza, ikija kuharibika nani analipa? Fundi akacheka sana. Bosi hakucheka. Mtu anayekula kwa kuwauzia wenzake hofu ya kesho hawezi kukalia kitu kisicho na dhamana, na siku hiyo nilimheshimu.

Ndipo mwanafunzi wa field akakohoa. Alikuwa kijana wa chuo, fulana ina picha ya pengwini, na kazi yake mpaka siku hiyo ilikuwa kupeleka vyeti kupigwa lamination. "Bosi, kuna Linux. Ni huria, na ni bure."

Neno la kwanza bosi hakulisikia. La pili lilimfanya asogeze kiti. "Basi weka."

"Ipi?" kijana akauliza.

Hapo ndipo amani ilipotoka ofisini.

Maana Linux si kitu kimoja. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alipoitangaza Agosti 1991 alikuwa ameandika kiini tu, ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na vyuma. Kiini peke yake hakiandiki barua. Wengine hukichukua, wakakizungushia programu, madirisha, namna ya kusakinisha na kusasisha, wakakipa jina na nembo, wakaahidi kukitunza kwa muda fulani. Mkusanyiko huo ndio distro, na zilizo hai duniani ni mamia. Iliwahi kuwapo Hannah Montana Linux, kwa mashabiki wa kipindi cha watoto cha Marekani. Korea Kaskazini wana yao, Red Star. Iliwahi kuwapo Sabily, iliyojengwa juu ya Ubuntu kwa ajili ya Waislamu, na nyakati za sala ndani yake. Mlinzi wetu aliipenda hiyo kwa kuisikia tu, akasikitika kuambiwa kwamba ilishasimama zamani. Na mwenye distro yake humtazama mwenye nyingine kwa jicho lile lile ambalo shabiki wa Yanga humtazamia wa Simba.

Kijana wa field alikuwa wa Arch. Mtu wa Arch huna haja ya kumuuliza anatumia nini, atakwambia kabla hajakuamkia. Arch haikupokei na madirisha wala vitufe. Unaiwasha, unapewa kioo cheusi chenye kamstari kanachopepesa, na yaliyobaki unayachagua mwenyewe moja moja. Haina matoleo, mabadiliko hutiririka tu, siku baada ya siku. Anayezipenda kompyuta huiona raha tupu. Kijana aliiweka kwenye mashine ya mapokezi saa ya chakula cha mchana, kwa majaribio, alivyosema. Dada wa mapokezi aliporudi na kukuta kioo cheusi alichomoa umeme ukutani, akafungua dirisha moshi utoke, ndipo akaniita. Moshi haukuwapo. Mpaka leo hakuna aliyefanikiwa kumshawishi hivyo.

Fundi alipoona riziki inamponyoka alirudi na ushauri mpya: wekeni Kali. Mtaani ndiyo Linux pekee yenye sifa, kwa sababu vijana huiona kwenye video za wadukuzi. Ni distro halali kabisa, ya watu wanaopima usalama wa mitandao kwa kujaribu kuivunja. Mhasibu wa bima angeifanyia nini sijui, na siku nikijua nitapiga simu polisi.

Bosi ana mpwa wake Muscat, anasimamia seva za kampuni moja huko. Akapigiwa simu ya video. Yeye alizungumza kwa uzito: ofisi ni ofisi, wekeni Red Hat. Red Hat ile ambayo IBM waliinunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Bosi akanyamaza kidogo kwa heshima ya hizo bilioni. Lakini Red Hat ya ofisini ina ada ya mwaka, na ndugu yake wa bure aliyependwa kuliko wote, CentOS, ana habari ya kusikitisha. Toleo la nane lilitarajiwa kutunzwa hadi 2029. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba litakoma mwisho wa 2021. Watu waliokuwa wamehama na virago vyao kwa matumaini ya miaka wakabaki na miezi. AlmaLinux na Rocky Linux zikazaliwa kuziba pengo, na mpwa alikuwa akieleza ubora wa hizo, ila bosi alikuwa bado amekwama kule nyuma.

"Walikuwa na bima mpaka 2029, ikakatishwa kwa notisi ya mwaka mmoja?"

"Ndiyo, mjomba."

"Wakalipwa fidia?"

"Ilikuwa bure, mjomba."

Neno lile likapungua utamu kidogo.

Swali lake lililofuata: wakubwa gani wanatumia? Nilikuwa nimejiandaa. Jiji la Munich, huko huko Ujerumani zilikotoka kibodi zetu, liliamua mwaka 2003 kuachana na Windows. Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wa wakati huo, alikatiza likizo yake ya kuteleza kwenye theluji Uswisi akaenda kumbembeleza meya ana kwa ana. Meya hakubembelezeka. Jiji likatengeneza distro yake, LiMux, likahamisha karibu kompyuta 15,000, na kazi ikakamilika 2013. "Safi sana," akasema bosi. Mwaka 2017 baraza la jiji hilo hilo likapiga kura kurudi Windows. Bosi alinitazama kwa muda. Nikakimbilia Ufaransa: jandarma wao, askari kamili wa serikali, wana Ubuntu waliyojitengenezea, GendBuntu, kwenye makumi ya maelfu ya mashine, na hawajarudi nyuma. Hilo lilimtuliza. Kama askari wanaweza kuandikia maelezo ya watuhumiwa, alisema, na sisi tutaandikia ajali.

Kijana wa field, akitafuta kuokoa jahazi lake, alisimama akatoa hotuba. Sisi tutakuwa waanzilishi, alisema. Tutawaletea Waswahili programu huria. Bi Hesabu, mhasibu wetu, ambaye tangu kikao kianze alikuwa akibana risiti, aliinua miwani.

"We mwanangu, umezaliwa lini?"

"Mwaka 2003, bibi."

"Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice. Menyu zote Kiswahili. Mradi ukiitwa Kilinux. Mimi naitumia, wewe unanyonya." Akarudi kwenye risiti zake. Hotuba haikuendelea.

Tulibishana hivyo, kumbe uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa na printa.

Printa yetu ni kubwa, nzito, inachapa, inatoa kopi na kutambaza. Bosi aliinunua mwenyewe Dar kwa pesa taslimu, kwa hiyo haisemwi vibaya ikiwa inasikia. Walioitengeneza sitawataja. Programu yake ya Linux ilikuwapo, imeandikwa miaka mingi iliyopita na kusahauliwa, nayo imefungwa kwa mtindo mmoja tu, ule wa .deb. Sasa distro zina koo. Ukoo wa Red Hat, Fedora na SUSE hufunga programu zao kwa .rpm. Ukoo wa Debian, pamoja na Ubuntu na uzao wake, ni .deb. Kwa hiyo wakati sisi tuko Munich na Ufaransa na kwenye zile bilioni, printa imekaa konani kwake, inajua. Fedora, ambayo mimi binafsi naipenda ingawa kila toleo lake hutunzwa kwa takriban miezi 13 tu, ikaondoka. openSUSE na kinyonga wa nembo yake ikaondoka. Mpwa wa Muscat na jamaa zake wote wakaondoka. Arch ilikwisha kuondolewa na dada wa mapokezi.

Wala si ajabu printa kuwa na kauli. Programu huria zenyewe zina deni kwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Richard Stallman alikuwa akifanya kazi katika maabara ya akili bandia ya MIT, na maabara ikapewa na Xerox zawadi ya printa ya leza. Ilikuwa ya kisasa, na karatasi zilikwama ndani yake kisasa. Printa iliyotangulia Stallman alikuwa ameirekebisha programu yake ili ikikwama iwatumie ujumbe waliokuwa wakisubiri kazi zao, waende wakaikwamue badala ya kukaa mbali wakidhani mambo yanakwenda. Hii mpya programu yake ilikuja imefungwa, haifunguki. Alipokwenda Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kumwona mtu aliyekuwa na nakala iliyo wazi, alikataliwa, maana mwenzake alikuwa amesaini ahadi ya kutompa mtu. Stallman amekisimulia kisa hicho mara nyingi kuwa ni mojawapo ya mambo yaliyomwasha. Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU, ambao programu zake ndizo zilizokuja kukizunguka kile kiini cha Torvalds. Karatasi ilikwama Marekani, na zaidi ya miaka 40 baadaye mimi nimepiga magoti Ngamiani mbele ya trei ya pili, nasema nayo kwa upole.

Zikabaki tatu za ukoo mmoja: Debian, Ubuntu na Linux Mint. Debian ndiye babu, wa 1993, mtulivu, na matoleo yake hupewa majina ya wahusika wa filamu ya Toy Story. Lile la majaribio yasiyokwisha linaitwa Sid, kwa jina la yule mtoto mtundu aliyekuwa akivunjavunja wanasesere. Ubuntu ilianzishwa na Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini wa kwanza kwenda anga za juu, mwaka 2002, kwa nauli yake mwenyewe. Aliporudi chini akatoa distro, mwaka 2004, na kwa miaka kadhaa ukiomba ulitumiwa sidii kwa posta bila kulipa hata stempu. Mint nayo imejengwa juu ya Ubuntu.

Distro hizi unaweza kuzijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya mashine. Tukamketisha Bi Hesabu. Debian ilikuja na mandhari ya GNOME, ambayo hukuachia ujitafutie. "Pa kuanzia ni wapi?" akauliza. Hakungoja jibu. Ubuntu ilikuja na alama zake zimejipanga wima upande wa kushoto. "Hizi mbona zinanitazama?" Ikaja Mint, menyu chini kushoto, saa chini kulia. Akabonyeza, ikafunguka. "Ewaa." Kijana akaanza kumweleza falsafa iliyo nyuma ya kila moja, akaambiwa asogee, anaziba feni.

Wataalamu wanisamehe, lakini mimi naona Bi Hesabu alipima kinachopaswa kupimwa. Ofisi haitafuti mfumo wa kusisimua. Mfululizo wa Mint 22 umesimama juu ya Ubuntu 24.04 na umeahidiwa matunzo hadi 2029. Ukiichukua ile yenye mandhari nyepesi ya Xfce, mashine ya giga nne inajikongoja bila kulalamika sana. Kazi zetu nyingi hupita kwenye kivinjari, na kivinjari ni kile kile. Printa imeridhia, mhasibu ameridhia. Waliobaki ni wasikilizaji.

Tatizo halikuwa ndani ya mfumo. Lilikuwa kwenye jina.

Matoleo ya Mint hupewa majina ya wanawake, karibu yote huishia na herufi a, na hufuata mpangilio wa alfabeti: Tara, Uma, Vera, Wilma, Xia. Lililotoka Septemba 2025, kwa wakati wetu barabara, ni 22.2, na linaitwa Zara. Bosi alilipenda. Akaacha kusema "ule mfumo", akawa anasema Zara tu. Ijumaa jioni akiwa nyumbani alimpigia mpwa wake simu kutoka barazani, kwa ile sauti ambayo watu hupigia simu nje ya nchi. Mkewe alikuwa jikoni anakuna nazi. Haya ndiyo aliyoyasikia, kwa maelezo yake mwenyewe:

"Zara anakuja Jumatatu. Ndiyo, nimemkubali. Hana gharama, ndiyo uzuri wake! Mwepesi, mwepesi kabisa. Atakaa na sisi mpaka 2029. Yule wa zamani? Yule keshachoka, namwondoa."

Jumatatu asubuhi, chai haijachemka, mama akaingia, amevaa kupita kiasi cha siku ya kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Zara yuko wapi?"

Nilifurahi. Sikujua kwamba hata nyumbani kwa bosi wanafuatilia kazi zetu. "Yupo mama, yuko kwa Bi Hesabu, tumemwingiza tangu Jumamosi. Leo jioni ataingia kwa bosi."

"Kwa bosi. Jioni."

"Ndiyo mama. Sisi wengine tutampata ndani ya wiki."

Dada wa mapokezi alinikanyaga mguu, ila alichelewa. Bi Hesabu ndiye aliyetuokoa. Alitoka, akamshika mgeni mkono, akampeleka taratibu mpaka mbele ya kioo na kumwonyesha nembo ya kijani. Mama aliitazama kwa muda. "Huyu?" "Huyu." Akaomba maji. Kisha akauliza huyo wa zamani aliyechoka ni nani, akaonyeshwa Windows kwenye mashine ya jirani. Alikaa akanywa chai yetu na maandazi mawili, akauliza habari za watoto wa kila mtu, akaondoka bila kuonana na mumewe, ambaye wakati wote huo alikuwa chooni kwa hiari yake.

Mashine zilizobaki alikabidhiwa kijana wa field, naye si mvivu na ni mwangalifu. Wakati wa kusakinisha unaulizwa kibodi yako ni ya lugha gani. Kijana akaitazama kibodi, akaona ni ya Kijerumani, akachagua Kijerumani. Jibu sahihi kabisa, huwezi kumlaumu. Ila vidole vya ofisi nzima vilikuwa vya Kimarekani.

Wa kwanza kukwama alikuwa bosi. Alikuwa amemwandikia kijana nywila yake mpya kwenye kikaratasi, kijana akaiingiza kwa kufuata vitufe vinavyosema. Nywila kwenye kioo huonekana vinukta tu. Akawa anaiandika, inakataa, anaiandika tena kwa nguvu zaidi, inakataa. Nikamwomba aniambie ni neno gani nimsaidie. Hakutaka. Baadaye alininong'oneza kwamba ni jina la mama, alilichagua usiku wa ile Jumatatu kama sehemu ya makubaliano, na mama mwenyewe alikuwapo linachaguliwa. Jina hilo linaanza na Z. "Mashine inamkataa mke wangu," alisema, na sauti yake haikuwa ya utani hata kidogo. "Akija kujua?"

Dada wa mapokezi, ambaye nywila yake haikuwa na Z wala Y, aliingia bila shida. Akapiga barua kwa kasi yake ya kila siku, macho kwenye daftari, kama wanavyofundishwa watu wa uhazili, akaichapa na kuipeleka. Mteja akasoma kwamba kayi za kutathmini gari zake imeanya. Juu kabisa, chini ya sanduku la posta, palikuwa na Tanga, kisha Tanyania. Alipiga simu kuuliza kama tumenunuliwa na wageni.

Kibodi hurekebishwa kwa kubonyeza mara chache kwenye mipangilio. Barua zilitutesa zaidi. LibreOffice ilizifungua zote, ila zilikuwa zimeandikwa kwa Calibri, ambayo ni mali ya Microsoft na haiji na Linux. Ipo mbadala wake huria, Carlito, iliyochongwa ili kila herufi iwe na upana ule ule hasa kwa ajili ya shida hii. Isipokuwapo, programu inachukua yoyote iliyo karibu, na maneno yananenepa. Barua zetu zilikuwa zimekatwa kwa miaka zikae ukurasa mmoja. Sasa ukurasa wa pili ukawa unatoka na mstari wa "Wako katika ujenzi wa taifa", sahihi na muhuri, basi. Mteja mmoja alipokea ukurasa huo peke yake, akautunza. Anasema hajawahi kupata barua ya bima aliyoielewa vizuri hivyo. Kwa hiyo ukihamia, anza na Carlito, mengine yafuate.

Na lipo faili moja la Bi Hesabu, la jedwali, lenye makro zilizoandikwa na mtu aliyekwisha kuhama mkoa. Hilo halikukubali kwa Mint, na nina hakika lisingekubali hata kwa Arch au kwa bilioni 34. Mashine moja ikabakizwa na Windows 10, imechomolewa mtandao, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na yeye huiendea mwisho wa mwezi, mlango umefungwa. Wanaosema ofisi yao imehama yote hawana mhasibu.

Faida kubwa ilitujia kwa mlango wa nyuma. Flashi za mjini hapa zina ule ugonjwa wa shotikati: unachomeka, folda zako zimefichwa, na mahali pake pamejaa shotikati zenye kirusi. Kirusi chenyewe kimeandikiwa Windows. Ukiichomeka kwenye Mint, folda zako unaziona zimekaa, na vifaili vya kirusi vimelala pembeni havina la kufanya, unavichagua, unavifuta. Mwenye stesheneri wa chini yetu alipoona hivyo mara ya kwanza alikwenda kutangaza. Siku hizi ngazi imejaa wanafunzi wenye ripoti za field, katibu wa msikiti, mwalimu na mitihani yake ya muhula, na wote wakifika mapokezi husema wamekuja kwa Zara. Bosi amebandika tangazo: kusafisha flashi shilingi 500, mwenye bima yetu bure. Mwalimu amekata bima ya pikipiki ili kuikwepa hiyo mia tano.

Juzi bosi aliniita ndani, akafunga mlango. Alitaka kujua kama kitu hiki kinaweza kuwekwa na kwenye simu yake. Nikamwambia kimo. Android imejengwa juu ya kiini kile kile cha Linux, na amekuwa akitembea nacho mfukoni tangu anunue simu yake ya kwanza ya kupapasa. Nikamwongezea kwamba kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, zile zinazoorodheshwa mara mbili kwa mwaka, tangu Novemba 2017 zote zinaendeshwa na Linux. Hizo 500 hakujishughulisha nazo. Aliitazama simu, akailaza kifudifudi mezani, akateremsha sauti.

"Hiyo ya humu nayo ina jina la mwanamke?"

Hapana, nikamwambia. Kwa miaka mingi majina yake yalikuwa ya vitu vitamu: Cupcake, Donut, Oreo, Pie.

Akashusha pumzi, akaichukua simu. "Hayo hata mama akiyasikia, sawa." Kisha akafikiri kidogo. "Ataniuliza tu nimekula kwa nani."